Nilivyokwenda Chuoni Kumtetea Koku

Mimi shule niliiachia darasa la nne, lakini hapa Kagoma mwenye lori ni mimi peke yangu. Kwa hiyo niliposikia kwamba Koku, binti wa marehemu kaka yangu, amewekwa chini ya uangalizi chuoni Dar es Salaam, na akifeli tena anafukuzwa, nilipanda meli pale Bukoba nikiwa nafoka. Kosa lake lilikuwa nini? Alikosa mtihani akimzika baba yake, aliyechukuliwa na huu ugonjwa unaotumaliza.

Nilimhutubia mkuu wa kitivo nimesimama, Koku kando yangu ameinamisha kichwa.

"Kwani nyinyi huku hamfiwi? Mnamwadhibu yatima?"

"Mzee, aliyefiwa hupewa mtihani wake baadaye. Sharti atoe taarifa kabla."

"Basi aliyemzuia kutoa taarifa ni mpumbavu. Huyo ndiye wa kuwekwa chini ya uangalizi."

"Hata sisi tungependa kumwona," akajibu taratibu. "Binti anasema alitaka kupiga simu posta, mzee mmoja wa ukoo akamkataza palepale matangani. Akasema yeye ni mtu mkubwa, atakuja kuzungumza nasi mwenyewe kabla ya mtihani. Hakuja. Unamfahamu?"

Jamani, wiki zile lori liliniharibikia na ndizi zilikuwa zinaiva ndani. Ningeliacha?

"Namfahamu kidogo," nikasema.

"Baba mdogo," Koku akasema bila kuinua uso, "mtajie jina lake."