Ile "Hapana Vile" ya Mwanzo wa Wimbo Yetu

Nakumbuka siku moja ya Mungu, kisha misa, mu atelier ya Muzee Mbusa, fundi wa mbao wa hapa kwetu Mususa, mu Butembo. Mwanangu, usinicheke. Najua niko na miaka kumi na saba tu, na ndevu yangu unaweza kuihesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Mais niko mu mwaka ya sita, na wewe ndiyo unaingia ya kwanza. Mbele yangu kumebakia Exetat, ile mutihani ya serikali ya kumaliza masomo, na kifo. Donc niko muzee. Ikala ku hicho kiti, sikiliza.

Tulikuwa bane: mimi gitaa, Paluku bass, Kakule ngoma, na Masika, dada yake Kakule, sauti. Tulikuwa tunapiga rock, muziki yenye bamama ba chorale ya kanisa banasema ni ya batu benye kuumwa meno. Muzee Mbusa alikuwa anatuachia atelier siku ya Mungu, juu misumeno inapumzika. Kurekodi kwetu ilikuwa hivi: matelas mbili za kulalia ku mlango, ili mbuzi ya jirani isiingie mu refrain, pale pa kuitikia, na telefone ya Paluku imefungwa na kamba ku mbao ya juu, inaninginia sawa popo.

Wimbo yetu ya kwanza ilizaliwa wapi? Tuulize, utapata maternité ine, nyumba ine za kuzalia. Kakule atakuapia ilianzia ku ndoo yake, ile anapiga sawa ngoma. Paluku atasema ni ku bass yake, ile ya kamba tatu. Mimi nilikuwa nasema ilinijia mu darasa, mu somo ya kemia. Ukweli, mwanangu, ni huu: Masika alikuwa anachagua maharagwe ku kiwanja ya kwabo, anaimba polepole juu ya baba yabo mudogo, mwenye alienda shamba ku barabara ya Beni, na mpaka leo hajarudia. Mimi nilikuwa pale, nangojea Kakule. Nikakamata gitaa, nikatafuta akodi ya kumufuata. Akodi ni yangu. Melodi na maneno ni yake, yote.

Siku ya kurekodi, telefone ilikuwa imekwisha kuanza, mimi nikaingia mubaya. Masika akapandisha sauti:

"Hapana vile, kichwa ya mbuzi! Unakimbia sawa mutu wa kufukuzwa. Sikiliza kwanza."

Akaimba ile melodi na mdomo imefungwa, nikamufuata, na wimbo ikatoka muzuri kupita zote. Ile mwanzo tuliiacha vilevile. Paluku alisema inaleta style.

Kisha Paluku akatuma wimbo ku radio moja ya Beni, yenye inasikika mpaka kwetu, nayo ikatuita. Nilienda mimi peke yangu, juu niko na mujomba kule Ruwenzori, mutaa moja ya Beni, wa kunilalisha. Animateur, mwenye kuongoza kipindi, akaniuliza: "Na ni nani alitunga hii wimbo?"

Mwanangu, micro, ile ya kusemea, ni kitu mubaya. Inakuangalia sawa inakupenda. Nikajibu: "Ni mie. Peke yangu. Mu somo ya kemia."

"Haya, tuisikilize!"

Na kitu ya kwanza yenye Beni na Butembo bilisikia, ilikuwa sauti ya Masika: "Hapana vile, kichwa ya mbuzi!" Kisha anafundisha mutungaji wimbo ya mutungaji.

Bazee balisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata sekunde tano.

Niliporudia, batoto ba njia yote balinilaki: "Hapana vile! Hapana vile!" Hiyo niliistahili. Yenye iliniuma ni ingine. Siku ya Mungu, Masika hakuja.

"Amesema haimbe tena," Kakule akaniambia, bila kuniangalia. "Wimbo ilikuwa ya baba mudogo. Wewe umeipeleka mu kemia."

Muzee Mbusa alikuwa pembeni na kahawa yake, anasikia yote.

"Geuza kiti yenye unaikalia," akasema.

Nikaigeuza. Chini kulikuwa alama tatu za kalamu.

"Hii M ni mimi, nilipima. Hii K ni mufanyakazi wangu, mwenye alikata mbao. Na hii nyota ni ya Mama Kabuo, mwenye alipiga papier de verre, karatasi ya kulainisha mbao. Hajue kuandika, akachagua nyota. Kiti haitoke hapa bila alama zote. Sasa wimbo yenu, nikiigeuza, nitasoma nini?"

Nikasimamisha kiti tena, nikaikalia.

"Yako ilijigeuza yenyewe, mu radio!" Akacheka mpaka kahawa ikamutokea ku pua. Kisha akapangusa, akaniangalia muzuri. "Ulisemea uongo wapi?"

"Ku radio, Muzee."

"Ah. Na samahani unataka kuisemea wapi? Nyuma ya choo?"

Nikapanda pikipiki, nikarudia Beni, mvua yote ya njia ikanishukia mimi. Animateur alinipa dakika moja, yeye akacheka dakika mbili. Nikasema: "Masika njo alitunga, melodi na maneno, akichagua maharagwe. Wimbo ni ya baba yake mudogo. Mimi niliweka akodi ine, na moja iko mubaya."

Siku ya Mungu yenye ilifuata, tulikuwa tena batatu, tunapiga ile wimbo bila sauti, sawa sombe ya majani ya mihogo bila mafuta. Matelas ya mlango ikaanguka. Nilifikiri ni mbuzi. Ilikuwa Masika. Akasimama, mikono ku kifua, akanisikiliza mpaka refrain.

"Hapana vile," akasema. Na akaenda kusimama chini ya telefone, pahali pake.

Tangu siku ile, hakuna maneno mu dunia yenye naipenda kupita ile mbili.

Donc, mwanangu, nasaha yangu njo hii. Kidole moja haivunje chawa, na haitunge wimbo. Ukisifiwa mbele ya batu, taja benzako mbele ya batu. Chenye uliiba mu micro, usikirudishe mu sikio. Na mutu mwenye anakuambia "hapana vile", usimupoteze. Benye kukupigia makofi ni bengi, mwenye kukurudisha mu melodi ni moja.

Mungu akupe sauti, akupe benzako benye masikio, na mbuzi ya jirani ipite mbali na refrain yako. Sasa simama, unipishe. Hicho kiti ni ya bazee.