Ba Kambale Bawili mu Réanimation

Siku yangu ya kwanza kwa hospitali huku Beni, ma Sœur titulaire, mutawa ule anaongoza chumba yote, alinipatia raclette ya kupangusia chini na ndoo. Anaongeaka kwa pua: "Mama Kahindo, huku ni réanimation. Bagonjwa ba huku banachungulia kaburi. Pangusa, lakini usivute kamba hata moja!" Nikajibu, "Ndiyo, ma Sœur," na mie kwa pua. Akaniangalia sana. Basi, kazi nikaipata.

Mie hapana soma, lakini niliona vile kazi inatembea. Kwa miguu ya kila kitanda kulitundikwaka carton: jina, kijiji, dawa ya kumupatia mugonjwa, dawa ya kumukataza. Sisi Banande, jina inafuata kuzaliwa. Kijana wa pili ni Kambale, uende Luofu, uende Kasugho. Ukiita "Kambale!" mu soko, nusu ya soko inageuka. Donc ba-infirmier, bauguzi, bakipokezana zamu, banasomaka kwa nguvu: "Kambale wa Luofu! Kambale wa Kasugho!"

Kisha vita ikafika kwetu, na watu ba misaada bakaleta ordinateur, masini ya kuweka majina na dawa. Docteur chef, tumbo mbele: "Papier, c'est fini! Sasa tuko moderne!" Macarton ikatolewa, bamama ba-garde-malade, wale banapikiaka bagonjwa, bakawashia nayo makala. Nikataka kuokota moja. Monsieur Informatique, mutu wa Kinshasa wa kutunza masini, akanicheka: "Mama, tika, acha! Yote iko ndani ya masini."

Asubuhi moja masasi ikalia upande wa Mulekera. Tukasukuma vitanda mbali na madirisha, mbiombio. Bamama bakakimbilia pori, na ba-infirmier ba usiku balikuwa bamesharudi kwabo. Mafuta ya groupe, jenereta ya hospitali, ikaisha, moto ya umeme ikakatika, masini ikazima.

Ba Kambale bawili balikuwa mule, bote hapana ongea. Wa Kasugho, malaria ilimupanda kichwa, anahitaji quinine. Wa Luofu, siku moja quinine ilishataka kusimamisha roho yake. Hapana kumupatia hata tone. Sasa, ni nani ni nani? Docteur chef, tumbo imerudi ndani: "Wa Kasugho... alikuwa kitanda gani?" Mais vitanda vyote vilishachanganyika! Hata mie nilijuaka vitanda, hapana nyuso. Malaria nayo haingojeake. Bakachagua. Bakakosea. Wa Luofu akakufa na quinine, wa Kasugho akakufa pasipo quinine.

Masasi iliponyamaza, mafuta ikapatikana. Monsieur Informatique akawasha masini, akapiga makofi: "Kitoko, muzuri! Hakuna kitu ilipotea! Kambale, Luofu, quinine interdit, imekatazwa!"

Kumbe mama ya ule Kambale wa Luofu ametoka pori, amesimama kwa mulango, na ugali ya foufou imefungwa mu kitambaa. Tulikuwa tumeshamuzika mutoto wake.

Akauliza: "Kama ilijua, mbona ilinyamaza?"

Kisha nilitumika kazi ileile Butembo mupaka magoti ikakataa. Leo masini iko kila chumba, na inasaidia, hapana bisha. Lakini ninyi batoto munaovaa blouse nyeupe ya hospitali, mutundike carton pia. Musiwashie makala.

Bajukuu banapendaka niige. Ma Sœur, naiga. Docteur chef, naiga na tumbo yake. Banasema, "Kaka," ndiyo vile banaitaka nyanya yabo, "na ule mama?"

Nawaambia bakalete maji.