Jino Lililongoja Mathayo

Enzi zetu huku Njombe, Biblia haikufunguliwa popote mtu alipopenda. Katika kanisa letu la udongo, upande wa Kidugala, mwinjilisti aligonga kengele asubuhi, akasoma sura moja tu, akaieleza kwa Kibena, ndipo watu wakaenda mashambani. Alianzia Mwanzo, na hakuruka hata orodha za majina. Zama zile za Mwingereza wenye saa na kalenda walikuwa wachache, kwa hiyo watu walihesabu siku kwa sura. Mama alikuwa akisema, "Ng'ombe alizaa tulipokuwa kwa Nuhu."

Asubuhi za Juni sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi, ilitanda nyasini, nyeupe kama unga. Baada ya ibada sisi watoto tulijipanga kwenye ukuta wa kanisa kuota jua, kila mmoja na kiazi chake cha kuchoma viganjani, tukisukumana kwa mabega ili tupate joto. Katika kusukumana huko, kiwiko cha Tabita, jirani yangu na mwenzangu wa kuchota maji, kikanipata mdomoni. Jino la mbele likadondoka. Nilikuwa na miaka saba. Kwa bahati mbaya yake, asubuhi ile tulikuwa tumesoma Kutoka, pale pa jino kwa jino.

Nikarudi ndani mbio, damu kidevuni. "Mwalimu, nataka jino la Tabita!"

Tabita akaziba mdomo kwa mikono miwili. Wazee wakatikisa vichwa kukubali, maana walimpenda sana Musa. Mwinjilisti akajikuna kichwa.

"Sheria umeisikia vizuri, mwanangu," akasema. "Lakini kitabu hakijaisha. Shauri lako lingoje mpaka tufike Mathayo."

Basi Tabita akaanza kunikwepa. Alichota maji mapema kabla yangu, na akinikuta njiani alifunga mdomo kabisa. Haki nilikuwa nayo, rafiki sikuwa naye. Niliumia jamani, ila kiburi hakikuniruhusu kusema.

Tukasonga mbele. Walawi tulisinzia, Waamuzi tukaamka. Tulipofika kwa manabii tukasikia kwamba Mungu anapenda rehema kuliko sadaka, na kwamba mtoto hataubeba uovu wa baba yake. Bibi alifurahi sana. "Ametulea kama mtoto anayeachishwa ziwa," akasema. "Kwanza uji, viazi baadaye." Mimi nilikuwa nahesabu vitabu vilivyobaki. Jino langu lilikwisha kuota zamani, nami nikalinyamazia.

Tulifika Mathayo baada ya karibu miaka mitatu, wakati wa kuvuna njegere. Mwinjilisti akasoma jinsi Yesu alivyoitaja sheria ile ile ya jino, kisha akasema anayepigwa shavu moja ageuze na la pili. Akafunga kitabu, akanitazama.

"Mwanangu, bado unadai?"

Kabla sijajibu, Tabita akasimama. Akafungua fundo kwenye pindo la nguo yake, akatoa kijino cha utoto. Kilikuwa kimeng'oka chenyewe, naye akakitunza muda wote ule ili anilipe. Kanisa zima likacheka. Mimi nililia. Siku ile tulikwenda kuchota maji pamoja.

Siku hizi wajukuu zangu hapa Makambako wanagusa simu, mara moja wanapata mstari unaowafaa, wanamtumia waliyegombana naye, basi, yamekwisha. Wanajua mistari mingi kuliko mwinjilisti wetu. Lakini Kutoka hawajakaa hata siku moja, na Mathayo hawajawahi kuingoja. Ninawahurumia kidogo.

Wiki iliyopita Tabita alishuka basi, akasimama mlangoni pangu. "Kamwene!" akanisalimu kwa Kibena. Tulikula viazi vya kuponda, maana sote ni vibogoyo sasa, tukacheka mpaka mjukuu akauliza kuna nini. Nikamfungulia kijaluba changu, nikamwonyesha kile kijino. Kati yetu wawili, ndilo jino la mbele pekee lililobaki.