Siku Nilipoiosha Ndege ya Bosi

Ndege ilizama kwenye bwawa la kuogelea huko Al-Safa, Jeddah, mbele ya ukoo mzima wa bosi wangu, simu zote zikiwa juu zinarekodi, na mtu aliyekuwa ndani ya maji na suruali ya kazi, ameushika mkia wa ndege kama anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni, alikuwa mimi. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaiona video.

Turudi nyuma kidogo. Bosi anaishi Malaz, Riyadh, na kila jioni alikuwa akijenga kwenye roshani mfano wa ndege ya zamani sana, urefu wake kama kitanda, ile aina inayotua majini: tumbo lake ni mashua, mabawa mawili moja juu ya jingine yameshikanishwa kwa vijiti na nyaya, injini moja katikati. Alitaka kuwaonyesha ndugu zake Jeddah. Yeye akasafiri kwa ndege ya kweli, mimi nikaambiwa niilete hii kwa gari.

"Ifike salama, Mutua," akasema, "kisha tutaongea likizo yako."

Jamani, dada yangu anaolewa Machakos, baba hayupo tena, na mimi ndiye wa kusimama mahali pake. Kafili, yaani bosi aliyenidhamini kuingia huku, asipokubali, sitoki nchi hii. Basi niliendesha roho ikiwa mkononi, kila tuta nageuka kutazama nyuma.

Karibu na Taif vumbi likatukuta, na turubai niliyoifunga haikusaidia kitu, nikafika Al-Safa ndege ina rangi ya ngamia. Sasa, dereva yeyote wa huku anajua: kitu cha bosi hakiingii getini na vumbi. Unaosha kwanza, ndipo unabonyeza kengele. Nikachukua mpira wa maji na sabuni ya gari.

Mwanaisha, binti wa Malindi anayefanya kazi nyumba ile, akachungulia. "Kaka Mutua, una hakika hiyo yaoshwa?"

"Dada, hii inatua baharini. Maji yataifanya nini?"

"Haya. Mie simo."

(Hapo mwenye akili angesimama akafikiri. Mimi niliongeza presha ya maji.)

Iling'aa! Nikaipiga hata picha. Halafu nikaona kitambaa cha mabawa kimelegea kama neti ya mbu, kumbe bosi alikuwa amepaka vanishi ya kuzuia maji tumbo peke yake, mabawa angeyapaka mwenyewe baadaye. Nikamwomba Mwanaisha mashine ya madam ya kukaushia nywele, nikapuliza huku na huku, kitambaa kikakaza upande mmoja, bawa la juu likajikunja, nikalinyoosha, likalia *kwaa*, na wakati huohuo bosi huyo getini.

"Yalla, Mutua! Watu wanangoja. Iko sawa?"

"Iko sawa, bosi."

Ikawekwa majini, injini ikanguruma, watoto wakashangilia, ikakimbia vizuri mpaka katikati ya bwawa, hapo gundi iliyolowa ikaachia, bawa la juu likalalia la chini, ndege ikainamisha pua ikaanza kunywa maji. Nikaruka. Sijui kuogelea, ila Mungu ni mwema, maji yalinifika kifuani.

Mama yake bosi akacheka mpaka machozi, na ukoo wote ukamfuata. Bosi hakucheka. Aliinama ukingoni, akalinusa bawa.

"Sabuni?"

"Sabuni, bosi."

"Ya gari?"

"Ya gari, bosi."

Nimeapa: kisicho na matairi sikioshi tena, hata nikilipwa kwa dhahabu. Tumerudi Malaz, bosi anaijenga upya, na jioni ananiita nimshikie vijiti gundi ikikauka. Jana nikajikaza nikamuuliza, "Bosi, na ile likizo?"

"Shika vizuri," akasema.

Hakusema ndiyo, hakusema mafi, ile "hakuna" ya huku. Nyumbani fundi anataka vipimo vya suti yangu ya harusi, na leo asubuhi nimevituma.