Isaka Akilia, Watu Wanatoa

Watu wa Sepuka walimfahamu Agripina kwa mafuta ya alizeti kabla hawajamfahamu kwa kitu kingine. Alikuwa na meza yake karibu na mashine ya kukamulia, chupa amezipanga kubwa kwa ndogo, na hata ukipita bila kununua alikuuliza habari za nyumbani. Mtoto wake wa mwisho, Melkiori, alizaliwa na mtindio wa ubongo. Agripina alikuwa akimbeba mgongoni hadi hospitali mjini Singida, na huko akafundishwa mazoezi ya viungo: namna ya kumnyoosha miguu, kumkalisha, na kumlisha bila kumpalia. Melkiori alifariki kwa homa ya mapafu kabla hajabalehe. Mama yake akabaki na ujuzi ambao hakuwa na wa kumfanyia.

Ndipo akaanza kuwatafuta wengine. Walikuwepo, kila kitongoji walikuwepo, watoto wanaofungiwa ndani mama zao wakienda shamba. Katekista wa kanisa alimpa chumba cha kigango kilichokuwa kikiwekwa viti vibovu. Kina mama wakawa wanaleta watoto asubuhi na kuwachukua jioni. Agripina aliwanyoosha viungo, na Dina, ambaye binti yake Marietha alikuwa hawezi kutembea wala kusema, alipika uji. Unga ulitoka kwenye faida ya mafuta, na mambo yakaenda hivyo kwa muda mrefu bila mtu wa nje kujua.

Halafu ukaja mwaka mbaya. Mvua ilianza vizuri ikakata, na iliporudi alizeti ilikuwa imeshakauka shambani. Uwele ukatoka mashuke matupu. Mashine ya kukamulia ikanyamaza, na meza ya Agripina ikabaki na chupa tupu. Alikopa unga dukani mpaka mwenye duka akaanza kujifanya hamuoni.

Mdogo wake Janeth, aliyekuwa akiuza vitenge mjini, ndiye aliyemwambia habari ya stetasi za simu.

"Dada, mimi vitenge vyangu vyote vinatoka kwenye stetasi," alisema. "Piga picha hao watoto, andika maneno mazuri, mimi nitawaambia wateja wangu wasambaze. Watu wanapenda kusaidia, ila lazima waone."

Agripina akaanza. Aliwaosha watoto nyuso, akawakalisha kwenye jua la asubuhi, akapiga picha wakicheka. Alimpiga picha Marietha ameshika kikombe mwenyewe, jambo lililowachukua mwaka mzima. Akaandika: "Marietha ameweza. Tusaidie uji." Watu walituma mioyo, wakaandika Mungu akubariki mama. Alizisoma jumbe zote, na kila ujumbe aliujibu. Unga haukuja.

Kati ya watoto hao alikuwepo Isaka, mtoto wa Scola. Alikuwa na miaka mitano, mwembamba, mikono imejikunja kifuani, lakini mcheshi kuliko wote. Akisikia pikipiki inapita nje alicheka hadi mwili mzima ukatetemeka. Baba yake, Alphonce, alikuwa mtu wa Shelui na alifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu huko huko kwao. Alikuja kwa nadra. Scola alikuwa akikaa na mama yake Sepuka, na majirani walikuwa wakisema kwamba mwanamume alipoona mtoto hakai wala hatambai, alijiondokea.

Asubuhi moja unga uliisha kabisa. Dina aliwakorogea watoto maji ya moto na sukari kidogo. Isaka alionja, akatema, akaanza kulia. Alilia kwa sauti nyembamba isiyokatika, macho ameyakaza kwenye sufuria. Agripina alikuwa na simu mkononi, akaamua kurekodi. Baadaye alikaa kizingitini akaandika maneno ya kuambatana na video hiyo. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho aliacha haya: "Huyu ni Isaka. Baba yake alimkimbia alipoona ni mlemavu. Leo hajala."

Kufika jioni simu ilikuwa haipumui. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alimpigia kuuliza aletewe unga wapi. Mama mmoja wa Dodoma, ambaye Agripina hakumjua wala kumwona, alituma hela kwenye simu na ujumbe kwamba amelia ofisini mbele za watu. Siku chache baadaye gari lilishusha magunia mlangoni pa kigango, na Dina akakaa juu ya gunia moja akafunika uso kwa kanga.

Kwa hiyo watoto walikula. Walikula wakashiba, mashavu yakarudi, na kina mama waliokuwa wameacha kuja wakarudi pia. Agripina aliwapiga picha wakiwa na vibakuli vyao, akaandika asante. Wachache wakajibu. Mama wa Dodoma akaandika: "Safi sana. Na yule Isaka anaendeleaje? Tuonyeshe, rafiki zangu hawajamuona."

Akatuma picha ya Isaka akicheka. Mama wa Dodoma hakujibu.

Unga ulipokaribia kuisha tena, Agripina alianza kulala vibaya. Kila gunia lililokuwa likipungua alilisikia mwilini. Akamchukua Isaka, akamkalisha kwenye kiti chake cha mbao, akamsogezea bakuli la uji karibu na mdomo, kisha akalirudisha nyuma. Isaka alicheka, akidhani ni mchezo. Akalisogeza tena, akalirudisha. Simu alikuwa ameisimamisha dirishani, inarekodi. Mara ya tatu mtoto aliacha kucheka. Mdomo ukapinda, na ile sauti nyembamba ikaanza.

Dina alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Haikujulikana amesimama hapo tangu lini.

"Mama Melki," alisema, "uji unapoa."

Agripina akazima simu, akamlisha Isaka mpaka bakuli likaisha. Alitaka kuifuta ile video. Aliangalia debe la unga, akaiweka kwenye stetasi.

Magunia yakaja.

Alphonce alifika adhuhuri moja kwa bodaboda, na vumbi la machimbo bado likiwa kwenye nywele zake. Scola alikuja nyuma yake kwa miguu, mtoto wa jirani alikuwa amemkimbilia shambani kumwita. Alphonce alisimama mlangoni pa chumba, akaona watoto wamelala kwenye mikeka, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nimeonyeshwa mwanangu kwenye simu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeogopa kuwaamsha watoto. "Tulikuwa tunakula, wanaume wengi tu. Mmoja akasema, hebu oneni huyu mtoto, baba yake ni mnyama. Simu ikazunguka mpaka ikanifikia mimi. Nikamtambua kwa kovu la paji la uso."

Alphonce akaikunja kofia mkononi.

"Mimi nilimkimbia lini?"

"Hapa watu walikuwa wanasema..."

"Wewe uliniuliza? Scola ana namba yangu. Nikipata natuma, nikikosa hata chakula changu ni cha kukopa. Uliniuliza?"

"Sikukuuliza, baba."

Scola alikuwa ameegemea ukuta. Yeye alitumia simu ya kitochi; video hakuwahi kuiona. "Nilikuona unampiga picha," alisema. "Nikafikiri ni za kupeleka hospitali."

Alphonce alimwinua Isaka kutoka kwenye mkeka. Hakujua namna ya kumbeba, kichwa cha mtoto kikaanguka nyuma, na Agripina akanyoosha mkono kukishika. Alphonce akasogea pembeni asimguse. Jioni hiyo walipanda gari la mjini, baba, mama na mtoto, kwenda Shelui kukaa kwa wazazi wa Alphonce.

Agripina alitaka kufuta. Hakuwa na cha kufuta. Stetasi zake zilikuwa zimejifuta zenyewe zamani, lakini video zilikuwa zimeshachukuliwa na watu, zinatembea kwenye magrupu asiyoyajua. Janeth alimtumia moja aliyokutana nayo mjini: Isaka analia, maneno yale yale ya baba aliyemkimbia, na chini namba ya simu isiyo ya Agripina wala ya mtu yeyote aliyemjua. Mtu mwingine alikuwa akiomba hela kwa kilio kile.

"Nimeripoti," Janeth alisema. "Lakini dada, ukifunga hii, inaibuka kule."

Usiku na mchana Agripina aliwaza jambo moja. Mwisho akakaa, akajirekodi mwenyewe uso, kanga kichwani, akasema: baba yake Isaka hakumkimbia mtoto wake; hayo niliyaandika mimi bila kuuliza; na siku nyingine mtoto alilia kwa sababu nilimnyima uji makusudi ili alie. Naomba radhi. Anayetumia ile video aache.

Waliomwangalia walikuwa wachache kuliko waliomwangalia Isaka. Mama wa Dodoma aliandika: "Kwa hiyo ulitudanganya." Agripina aliandika jibu refu la kueleza. Alipolituma akaona picha ya yule mama imetoweka kwenye simu yake, na ujumbe ukabaki na alama moja tu; alikuwa amemfungia namba. Mfanyabiashara wa mjini hakupokea tena simu yake. Katekista alimwita akamwambia kwa upole kwamba kamati ya kigango imesikitika.

Alikwenda Shelui. Alimwambia Dina anakwenda kuomba radhi, na hilo lilikuwa kweli, lakini zaidi alikuwa anawaza viungo vya Isaka. Mtoto wa namna ile akilazwa chali kutwa, hukakamaa. Akilishwa amelala, hupaliwa, na uji ukiingia mapafuni ndiyo hivyo tena. Alikuwa ameshazika mmoja.

Kwa kina Alphonce hapakuwa mbali na barabara kuu. Malori ya kwenda Nzega yalisikika yakibadili gia. Alimkuta Isaka amelazwa kwenye mkeka kibarazani. Alikuwa msafi, amefunikwa vizuri, na magoti yalikuwa yameanza kubanana. Agripina alipoinama kumsalimia, mtoto alimtazama, midomo ikapinda, akalia kilio kile kile. Scola akatoka ndani mbio.

"Amekusahau," alisema, ili asimuumize mgeni.

"Hajanisahau," Agripina alisema.

Mama mkwe wa Scola, mwanamke mzee mwenye maneno machache, alimpa kigoda na maji. Alphonce alirudi mchana, akamkuta, akaamkia. Agripina aliomba radhi mbele yao wote. Kisha akasema, "Baba, siji kumchukua. Naomba tu niwaonyeshe mazoezi. Na namna ya kumkalisha wakati wa kula."

"Hapana, mama."

"Atakakamaa. Nakuomba."

"Tutampeleka hospitali."

"Mtampeleka lini?"

Alphonce alitazama barabarani. Wote walijua kwamba hakukuwa na nauli ya kwenda na kurudi kila wiki. "Mimi kila nikiingia shimoni naitwa mnyama," alisema. "Kwa utani, lakini naitwa. Wewe ukimshika huyu mtoto, mimi naona ile simu. Siwezi. Nenda salama, mama."

Scola alimsindikiza mpaka kituoni. Njiani Agripina alimweleza kila kitu kwa haraka, goti hivi, kiuno hivi, kichwa kisirudi nyuma, akimwonyesha kwa mikono yake mwenyewe hewani. Scola alikuwa akiitikia kwa kichwa. Gari lilipofika aliuliza, "Lile la miguu ulisema kushoto kwanza?" na kondakta akamhimiza Agripina kupanda kabla hajamaliza kumjibu.

Sepuka unga uliisha. Kina mama wengine walikuwa wameshasikia, wakaacha kuleta watoto; mmoja alipishana na Agripina njiani akamfunika mwanawe uso kwa kitenge. Siku ya mwisho alikuja Dina peke yake, Marietha mgongoni. Walikaa kwenye chumba kitupu. Moto haukuwashwa.

"Mama Melki," Dina alisema. "Mpige picha huyu wangu."

Agripina alimwangalia.

"Mimi ni mama yake, nakuruhusu. Baba yake yupo kaburini, hakuna wa kuja kukasirika. Na hajala tangu jana, hutahitaji kumfanyia kitu. Subiri kidogo tu, atalia."

Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, akimlegeza mtoto mgongoni ili akae vizuri kwa picha. Simu ilikuwa mfukoni mwa gauni la Agripina, na bando lilikuwemo. Alimtazama Marietha, ambaye alikuwa ananyonya pindo la kitenge.

"Siwezi, Dina."

"Sasa unaweza nini?"

Dina alisubiri, akimpa nafasi ya kubadili mawazo. Kisha akamfunga mtoto tena mgongoni, akakaza fundo, akaondoka bila kuaga. Juma lile kigango kilirudisha viti vyake ndani ya chumba.

Kwa siku kadhaa Agripina alibaki nyumbani. Scola alipiga mara moja akasema Isaka anakohoa, salio likakatika, na Agripina alipompigia, simu ilikuwa imezimwa. Alipiga asubuhi, akapiga jioni.

Baadaye alichukua mkeka, akaenda kwa Dina kwa miguu. Hakubeba unga kwa kuwa hakuwa nao. Dina alikuwa anachambua mlenda mkavu jikoni. Alimwona, akaendelea na kazi yake. Agripina alibisha hodi, akajibiwa kwa sauti ndogo, akaingia. Akatandika mkeka uani penye kivuli cha nyumba, akamlaza Marietha, akaanza na mguu wa kushoto.