Kikombe cha Maji ya Wifi

Hakuna aliyewahi kuona uchafu nyumbani kwa Restuta. Alizaliwa Gulwe, binti wa mkuu wa stesheni, akasomea ualimu, akafundisha baiolojia hadi alipostaafu, na popote alipokaa kizingiti chake kilikuwa kimeshapigwa deki kabla majirani hawajafungua milango. Mumewe Gerson, bwana samaki wa Hombolo, alipenda kutania kwamba hata kuku wa nyumba ile hunawa miguu. Tangu Gerson afariki, kitu kimoja tu kilimnyima mjane huyu usingizi, nacho kilikuwa ng'ambo ya ua wa minyaa: karo la maji la wifi yake.

Gerson aliacha mbegu ya mwani. Si mwani ule mrefu wa pwani, bali ule mdogo usioonekana kwa macho, unaogeuza maji kuwa ya kijani, na maji hayo hulisha vifaranga vya samaki. Watu walipotawanyika msibani, Angelina, dada yake Gerson wa tumbo moja, alikuja na ndoo.

"Nachota sehemu yangu ya kaka."

"Mbegu ni ya nyumba hii, wifi."

"Wewe uliolewa humu, mimi nilizaliwa humu. Hebu shika ndoo, maji yasimwagike."

Na Restuta akashika ndoo. Hilo nalo lilimuuma.

Mwaka haukupita, karo la Angelina likakolea, kijani kama mlenda mbichi. Kuta zake zilijaa utelezi, kwani Angelina hakuwa mtu wa kusugua, na hakuona haya kusema hivyo. Restuta alisugua lake. Kuta alizipiga brashi na dawa ya klorini, maji aliyachemsha, na mbegu yenyewe aliisuuza na kuichuja, akaisuuza tena, mpaka akaamini hakuna kiumbe kingine kilichobaki ndani yake. Gerson alipokuwa hai hakumruhusu. "Mama Zablon, hili si sufuria," alikuwa akimwambia, naye aliona ni maneno ya mwanamume asiyependa kazi za usafi. Sasa kila aliposafisha, maji yalizidi kupauka, yakawa kama yaliyooshewa mchicha.

Ndipo Hamza, kijana wa Kondoa anayefuga perege karibu na bwawa, alipotuma salamu kwamba Jumamosi atakuja kuchukua mbegu ya marehemu. Ikiwa mbegu imestawi kwa dada na kufa kwa mke, Hombolo nzima itasema nini? Itasema mjane alipewa cha mumewe akashindwa kukitunza.

Alhamisi jioni Angelina alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Sauti yake ilisikika mpaka nyumbani, juu ya wenzake wote. Hata hiyo Restuta alimwonea kijicho. Alipita kwenye pengo la ua, akachukua kikombe cha bati kwenye kichanja cha vyombo, akachota maji ya karo la wifi yake, akarudi nacho amekifunika kwa khanga kama mtu aliyebeba moto.

Hadubini yake ya zamani ilikuwa bado inafanya kazi. Akatazama, akatabasamu. Bakteria! Walikuwa wamejaa, wamezizunguka chembe za mwani kama ndama waliozunguka ng'ombe. Akaweka tone la karo lake. Humo chembe zilikuwa peke yake, chache, zimefifia, nyingine maganda matupu.

"Safi," alisema kwa sauti. Jumamosi atamwambia Hamza, mbele ya Angelina, kwamba maji yale ni machafu.

Hamza alipofika aliwaamkia mawifi wote wawili shikamoo. Restuta, kwa kuwa nyumba yenye heshima haimwachi mgeni na koo kavu, alitoa kibuyu cha mama mkwe wake ammiminie maziwa mgando.

"Mama, maziwa haya yana ladha ya zamani," alisema Hamza. "Unafanyaje?"

"Kibuyu hiki hakijawahi kuguswa na sabuni," alijibu Restuta kwa fahari. "Masalia ya jana ndiyo yanayogandisha ya leo. Ukikisugua, unaua..."

Mkono ukabaki hewani na kibuyu.

"Unaua nini, wifi?" aliuliza Angelina. "Malizia, mwalimu. Leo hatulipi ada."

Restuta alikiweka kibuyu chini. Miaka yote alifundisha kwamba ng'ombe haishi kwa majani peke yake, kuna bakteria tumboni wanaomfanyia kazi. Ndama aliowaona kwenye hadubini hawakuwa wakinyonya tu. Nao walikuwa wakimlisha mama yao. Yeye, kwa brashi yake mwenyewe, alikuwa ameua zizi zima la ndama, akaacha ng'ombe wafe kwa njaa.

Hamza alichungulia karo la Restuta. "Haya ya kwako, mama, tuyape muda," alisema kwa adabu, na adabu hiyo ilichoma kuliko tusi. Akajaza madumu kwa Angelina, akatoa kalamu ya wino mzito. "Niandike mbegu ya nani?"

"Ya Gerson," alisema Angelina. "Ya nani tena?"

Hata kwa ukarimu wifi yake alimtangulia.

Walipoondoka Restuta aliingia ndani. Kikombe kilikuwa bado dirishani, kimefunikwa kisahani. Kuomba mbegu asingeomba. Akakimimina chote kwenye karo, na brashi akaitupa juu ya paa la banda la kuku, ambako mkono wake usingeifikia.

Mvua za kwanza zilipoanza, karo lake lilikuwa kijani kibichi, na kuta zake zikiteleza. Angelina alisimama kwenye pengo la ua, mikono kiunoni.

"Wifi, umelifanyaje?"

"Usafi tu."

Angelina akanyoosha kidole kwenye ukingo wa karo. "Na kikombe changu?"

Restuta alikitazama kikombe kana kwamba kimemsaliti.

"Kilikuja kukusalimia," alisema Angelina, akacheka mpaka akashika ua. "Basi kibaki. Lakini langu bado limekolea kuliko lako."

Akaenda zake. Restuta alingoja wifi yake afunge mlango, ndipo akasogea penye pengo la ua kutazama kama ni kweli.