Pete Tisa Nilizozitupa Chooni

Nilikuwa nauza kuku na bata soko la Kariakoo, enzi za maduka ya ushirika na foleni za unga. Bata wangu wengi walikuwa wa mwituni. Mzee mmoja wa upande wa Ruvu aliwatega bwawani kwao, akaniletea hai ndani ya tenga.

Siku moja nikamkuta bata ana pete ya bati mguuni. Nilikuwa nimemaliza kisomo cha watu wazima, nikaisoma: namba, na sanduku la posta. Nikamwonyesha shoga yangu wa meza ya pili.

"Mama wee! Kitu chenye namba ni cha serikali," akasema. "Unataka kuuza bata wa serikali? Siku hizi?"

Mgambo walikuwa wanapekua meza zetu, wanatafuta sabuni na sukari zilizofichwa. Nikaikata pete kwa koleo, nikaenda nayo nyumbani, mtaa wa Gerezani, nikaitumbukiza chooni. Kila bata mwenye pete aliyekuja baada ya huyo nilimfanyia vivyo hivyo. Zilifika tisa.

Wanangu niliwachapa wakisema uongo, kwa hiyo na mimi sitajificha hapa.

Baadaye nikapata mpangaji wa chumba cha uani, kijana wa Kilimanjaro. Alikuwa mtumishi wa serikali, kazi yake kuchunguza ndege wa majini. Nilimtania: "Mchaga gani wewe, unahesabu bata na huuzi hata mmoja?"

"Hata mama yangu mzazi ananiuliza hivyo hivyo," akacheka.

Mimi nilimwambia nauza kuku, basi. Jioni moja napepeta mchele, yeye anakunywa chai kavu, akaanza kunieleza.

"Mama, nimewavalisha pete bata wa bwawa moja la Ruvu. Anayempata mmoja arudishe pete, aseme kampata wapi na lini. Mwaka wa pili huu, haijarudi hata moja."

"Za kazi gani?"

"Wakubwa wanataka kulikausha bwawa walime mpunga. Wanasema halilishi mtu. Pete zikirudi kutoka mjini nitawaonyesha linalisha. Zisiporudi, sina la kusema."

Nikaacha kupepeta. "Umewatangazia watu?"

"Nimebandika karatasi lango la soko."

Nilikuwa nimeiona. Ilikuwa na muhuri mkubwa wa ofisi, kwa hiyo kila mtu aliipita kwa mbali, asije akaonekana anaisoma.

"Na aliyemla bata mwenye pete, mnamfanya nini?"

"Hatumfanyi kitu, mama. Tunamwandikia barua ya ahsante."

"Ahsante ya serikali! Kunywa chai yako, baba, inapoa."

Sikumwamini. Sio kwamba alikuwa mwongo. Niliogopa tu, na mpaka leo sina sababu nyingine ya kuitaja.

Haukupita muda, yule mzee mtegaji wa Ruvu akaniletea bata mwingine mwenye pete. Hiyo sikuitupa. Niliifunga kwenye pindo la kanga, nikasema huyu kijana akirudi kutoka bwawani nampa. Alirudi. Siku ya kwanza nikasema amechoka. Ya pili nilikuwa na wageni. Halafu ikawa kila nikimwona nashika pindo, nazungumza habari ya maji ya bomba.

Mchana mmoja natoka sokoni, namkuta anafunga godoro lake kwa kamba. Ofisi imeshaamua. Bwawa linakaushwa, yeye anahamishiwa bara.

Nikafungua pindo, nikampa. Aliigeuza ile pete, akaisoma namba, uso wote ukachangamka. Heri angenuna.

"Umeipata wapi, mama?"

Nikamweleza yote, na zile tisa. Nikasimama nikisubiri kugombezwa. Yeye akaketi juu ya godoro, akatoa daftari.

"Ya kwanza ilikuwa mwezi gani?"

"Sikumbuki."

"Namba zake?"

"Sikuziandika."

"Hata moja?"

Hata moja. Mimi niliyekwenda kisomo jioni zote zile, na kalamu ninayo ndani, sikuandika hata namba moja. Akaandika mstari mmoja tu: pete tisa, Kariakoo, namba hazijulikani.

"Ningekuwa nazo mwezi uliopita…" akasema. Akarudi kwenye kamba zake.

Masika yaliyofuata yule mtegaji alikuja sokoni bila tenga. Aliniuliza kama najua kazi yoyote mjini, hata ya kufagia.

"Bwawa wamelichimba mifereji," akasema. "Bata walizunguka juu siku mbili, wakaenda zao. Sijui nani aliwaambia wale wakubwa kwamba pale hapana kitu."

Nilimpa chai na kipande cha muhogo. Nilimwambia nitamuulizia kazi. Habari ya pete nilizotupa sikumwambia, na alikufa hajaijua.